Kompyuta Moja, Viini Viwili



Ndugu wasomaji, baada ya toleo la mwezi uliopita nilipata barua tatu na simu kadhaa, na takriban zote ziliuliza jambo moja kwa maneno mbalimbali. Mama mmoja ameandika kwamba kompyuta ya mwanawe, iliyowekwa Linux badala ya Windows, mara nyingine ikiwashwa hutoa ukurasa mweusi wenye mistari ya nambari, naye huogopa kubonyeza chochote mpaka mwana arudi kutoka shuleni. Mzee wetu mmoja ameuliza kwa nini mashine yake ina "Linux nne" ilhali yeye aliweka moja tu, na kama inafaa azifute tatu ili apate nafasi. Nimeona afadhali safu nzima ya mwezi huu iwe jawabu, kwani swali la mzee huyu ni zito kuliko anavyodhani, na sisi wenyewe katika jumuiya tulikaribia kupata hasara kwa kutolijua jawabu lake.

Kwanza tuseme kiini ni nini, kwani asiyekijua ataona yote yanayofuata ni mafumbo. Katika kompyuta, programu unazoziona kwa macho, kama ile ya kuandikia barua, ya kusomea Qur'ani au ya kutazamia picha, hazina ruhusa ya kuvigusa vyombo vya ndani zenyewe. Programu ikitaka kuandika katika diski, kutoa sauti au kupeleka karatasi kwenye printa, hupeleka ombi kwa msimamizi mmoja aliye chini kabisa, naye ndiye agawaye kumbukumbu, apangaye zamu, na aamuaye nani apite na nani angoje. Waingereza humwita msimamizi huyo kwa neno lao la kokwa ya njugu. Sisi tumwite kiini, kama kiini cha yai. Na vilivyobaki vyote, yaani madirisha, rangi na vitufe, ni ute na ganda.

Windows nayo ina kiini chake, na kompyuta za Apple zina chao, lakini huko mwenye mali hukibadilisha mwenyewe kimya kimya, na mtumiaji hana habari. Katika Linux kiini huja kama kifurushi kinachojitegemea, na kipya kinapowekwa hakikai juu ya cha zamani bali hukaa kando yake. Hii ndiyo sababu ya mzee wetu kuona "Linux nne". Hakuweka nne, aliweka moja, nayo ikawa inaletewa kiini baada ya kiini, na vya nyuma havikuondoka.

Kiini hiki cha Linux kilianzwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alipokuwa na umri wa miaka 21. Toleo la 1.0 lilitoka Machi 1994. Siku hizi kinaandikwa na maelfu ya watu duniani, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, ingawa baadhi ya matoleo huteuliwa yatunzwe kwa miaka kadhaa kwa ajili ya wasiopenda mabadiliko ya mara kwa mara. Sisi hatukichukui moja kwa moja kutoka kwa waandishi wake. Hukipata kwa mkono wa makundi yanayokikusanya pamoja na programu nyingine, kama Debian, Fedora na Ubuntu. Hii Ubuntu ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji kufasiriwa kwa Mswahili, kwani ni utu wetu huu huu uliovaa nguo za Kizulu. Ndiyo inayotumiwa na wengi kati yetu, hasa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ulipokoma msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashine nyingi nzima, zisizokubali Windows 11, zikawa zinatafutiwa maisha mengine.

Hapa msomaji mwenye busara atanikatiza. Je, wahenga hawakusema kwamba manahodha wawili chombo huenda mrama? Walisema, na walisema kweli. Lakini viini viwili katika mashine moja havishiki usukani pamoja. Kila uwashapo kompyuta, kiini kimoja tu ndicho kinachopanda chomboni, na kikishapanda hakuna mwingine mpaka chombo kitie nanga, yaani mpaka mashine izimwe au iwashwe upya. Mwenzake amekaa pwani. Wala hali chakula cha safari, kwani kiini kisichoendeshwa hakichukui kumbukumbu ya mashine wala hakiifanyi iwe nzito. Hutwaa nafasi ya diski tu. Na siku nahodha mpya akiugua bandarini, huyu wa zamani ndiye atakayeitwa.

Yaliyotufika yalikuwa Januari 2024. Katika chumba cha madrasa ipo kompyuta moja ya mitumba, na ndani yake mna daftari la mfuko wa maziko: nani ametoa mchango wake, nani amekwisha kulipia kaburi, nambari za simu za wanaume na wanawake wanaoosha maiti, na jamaa wa kila mwanachama walioko nyumbani ambao yapasa wapelekewe habari. Humo pia ndimo kinamoandikwa kijarida hiki kabla ya kupelekwa kwenye mashine ya fotokopi. Jioni ya Alkhamisi kijana wetu, ambaye ni mtoto wa ndugu yangu, aliiwekea mashine matoleo mapya ya programu zote, kiini kikiwa kimojawapo, akaizima, akafunga mlango. Alfajiri ya Ijumaa tukaletewa habari kwamba mwanachama wetu mmoja amefariki hospitalini, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wanaoishi Uingereza wanajua kwamba kumzika Muislamu siku hiyo hiyo kunataka mbio: hati za daktari na msajili, kibali cha makaburi, gari, waoshaji, na malipo yathibitishwe kabla ofisi hazijafungwa kwa mwisho wa wiki. Tulifika madrasa kabla ya saa mbili asubuhi. Mashine ikawaka, ikaandika mistari myeupe juu ya weusi, ikasimama kama ukuta. Katika mistari ya mwisho mlikuwa na maneno "Kernel panic", yaani kiini kimeshikwa na fadhaa, na baada yake maelezo kwamba hakikuweza kuufungua mzizi wa diski. Tukaizima, tukaiwasha, mambo yakawa yale yale.

"Ami," akaniambia kijana, "niifute yote niweke upya. Dakika ishirini tu." Na flashi ya kuwekea alikuwa nayo mkononi.

Nikamuuliza daftari litakwenda wapi. Akanyamaza. Nakala ya mwisho ya karatasi ilikuwa ya mwezi wa Oktoba, na nakala ya pili ya kompyuta, nasema hili kwa haya, ilikuwa katika diski hiyo hiyo.

Aliyetutoa katika shida ile si mimi wala yeye. Alikuwa Bi Mweka Hazina, ambaye hajapata kusomea kompyuta hata siku moja. Akasema: "Mwanangu, siku ile umeme ulipokatika, mashine hii ilinitolea orodha ya nambari, nami nikachagua ya chini kwa kubahatisha, ikawaka. Orodha ile imekwenda wapi?" Kumbe orodha ilikuwa imetokea hata mara ya pili tulipoiwasha, ila kijana, kwa haraka zake, aliipita kwa kubonyeza Enter asiisome. Tukaiwasha mara ya tatu, mikono ikiwa mbali na kibodi. Orodha ikaja. Tukateremka tukachagua kiini cha kabla ya kile kipya, na baada ya dakika moja ile picha ya Forodhani tuliyoizoea ikajaa kiooni, na daftari likafunguka lilivyoachwa. Tulichapa kurasa nne. Marehemu alizikwa siku ile ile kabla ya Magharibi.

Baadaye, watu walipotawanyika, tulikaa kutafuta sababu, na sababu haikuwa kasoro ya kiini kipya. Ilikuwa sisi. Mashine ile ilikuwa imetengewa sehemu ndogo ya diski kwa ajili ya viini, na kwa muda wa miaka miwili hapakuwa na aliyeisafisha. Mlikuwa na viini vinane. Cha tisa kilipokuja kilipata nafasi ya kuingiza mguu mmoja, na wa pili ukabaki nje. Basi kilichotuponza ni wingi wa viini, na kilichotuokoa ni kwamba hatukuwa na kimoja tu.

Ili mfahamu nasema mguu gani, yafaa mjue kwamba kila kiini kina vitu vitatu. Cha kwanza ni kiini chenyewe, faili ambalo jina lake huanza na vmlinuz, nalo hukaa katika folda iitwayo /boot. Cha pili ni faili linaloanza na initrd.img, au initramfs kwa wenye Fedora, nami huliita mfuko wa safari. Kiini kinapoamka huwa hakijajua bado diski yako ni ya aina gani wala hufunguliwa vipi, kwa hiyo hupewa mfuko wenye zana za kuifungulia, na kikishaifungua huuacha mlangoni. Cha tatu ni folda ya moduli, yaani vipande vya kuendeshea sauti, WiFi, kamera na mengineyo, nayo hukaa katika /lib/modules. Sisi tulikuwa na cha kwanza bila cha pili. Kiini kiliamka, kikatia mkono kitafute mfuko, kikakosa, na fadhaa ndiyo hiyo.

Vitu vyote vitatu hubeba nambari ya toleo katika majina yao, kwa mfano 6.8.0-45-generic, ambapo 6.8 ni toleo la kiini na 45 ni hesabu inayopanda kwa kadiri Ubuntu inavyotoa marekebisho. Kwa kuwa majina hayafanani, hakuna kinachomfuta mwenzake. Na jambo ambalo kijana wangu hakulijua, ingawa anasoma chuo, ni kwamba barua zako, picha zako na madaftari yako hayamo katika hata kimoja cha vitu hivi. Yamo katika /home. Ukiwasha kwa kiini cha jana au cha leo, utayakuta pale pale. Kiini kibovu hakiwezi kuwa sababu ya kufuta diski, kama vile kufuli likikwama si sababu ya kuivunja nyumba.

Sasa tuje katika utendaji. Fungua dirisha la amri na uandike:

uname -r

Jawabu litakalotoka ni nambari ya kiini kinachoendesha mashine saa hiyo. Kisha, kwa wenye Ubuntu na Debian, andika:

dpkg --list 'linux-image*'

Mistari inayoanza kwa herufi ii ndiyo vifurushi vilivyomo hasa. Ile inayoanza kwa rc ni mabaki ya vilivyokwisha kuondolewa, isikutishe. Hatimaye andika:

df -h /boot

Hapo utaona asilimia ya nafasi iliyotumika. Ikiwa mashine yako haikutengewa sehemu ya /boot peke yake, amri hii itakuonyesha diski nzima, na huna sababu ya kuhofu. Ikiwa imetengewa, kama zilivyo aghalabu mashine ambazo diski yake imefungwa kwa neno la siri, basi iangalie kila mwezi, kwani kiini kimoja pamoja na mfuko wake huweza kutwaa megabaiti 100 na zaidi, na sehemu yenyewe mara nyingi si kubwa.

Anayekuonyesha orodha ya viini ni programu iitwayo GRUB, nami humwita bawabu. Kwa desturi, katika mashine yenye mfumo mmoja tu, bawabu wa Ubuntu hujificha na kukipitisha kiini kipya bila ya kukuuliza. Hujitokeza mwenyewe pale anapoona kwamba safari iliyopita haikufika, na ndivyo ilivyokuwa kwa Bi Mweka Hazina siku ya umeme, na kwa yule mama aliyeniandikia. Kwa hiyo ukurasa ule mweusi si ugonjwa bali ni swali. Ukitaka kumwita wewe, katika mashine za zamani shikilia kitufe cha Shift mara tu baada ya kuwasha, na katika mashine za miaka ya karibuni bonyeza Esc mara moja. Ukibonyeza mara nyingi utatupwa mahali pa kuandika amri. Hapo andika neno normal na ubonyeze Enter, utarudishwa. Ukifika kwenye orodha, teremka hadi mstari unaoanza kwa maneno "Advanced options", ingia, na humo utaviona viini vyote, kipya juu na cha zamani chini. Kila kimoja kimeandikwa mara mbili. Ule mstari wenye maneno "recovery mode" uache, huo ni wa mafundi.

Mimi lakini sipendi bawabu anayejificha katika mashine inayotumiwa na watu wengi. Katika ile ya madrasa tulilifungua faili /etc/default/grub tukaandika mistari hii miwili mahali pa ile iliyokuwamo:

GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=10

Kisha tukatoa amri sudo update-grub. Tangu hapo orodha hukaa wazi sekunde 10 kila mashine iwashwapo, na karatasi imebandikwa kando ya kioo kuonyesha mstari wa kuchagua likitokea la kutokea. Sekunde 10 si nyingi. Walimu wamelalamika wiki ya kwanza, kisha wakazoea.

Ama kuhusu kuviweka, kazi ni nyepesi. Ukitoa amri sudo apt update na baadaye sudo apt full-upgrade, kiini kipya kitakuja chenyewe iwapo kipo. Lililo muhimu ni yale ya baada yake. Usiisafishe mashine usiku huo huo. Iwashe upya, uhakikishe kwa uname -r kwamba umo katika kiini kipya, kisha itumie siku mbili tatu katika kazi zako za kila siku: chapa karatasi, sikiliza sauti, ingia katika intaneti kwa WiFi, ifunike ilale na uifunue iamke. Huku kuamka baada ya kulala ndiko kunakoshindikana mara nyingi, na hakuonekani mpaka ukujaribu. Vikienda vyote, hapo andika:

sudo apt autoremove --purge

Amri hii huviondoa viini vilivyopitwa na wakati, lakini hukibakisha kile unachokitumia na kilicho kipya kuliko vyote. Kabla ya kukubali, soma orodha ya vitakavyoondolewa. Ukikiona humo kiini chako cha akiba, kataa. Wenye Fedora hawana taabu hii, kwani huko desturi ni kubakisha vitatu na cha nne kikija cha mwanzo hutoka. Na ikiwa diski imekwisha kujaa na kazi imekatika katikati kama ilivyokuwa kwetu, washa kwa kiini cha zamani, safisha kwa amri hiyo hiyo, kisha toa amri sudo dpkg --configure -a ili mashine imalizie ilipoachia. Mfuko uliokosekana utatengenezwa hapo.

Jawabu la mzee wetu basi ni hili. Viini vinne azipunguze nambari zake mpaka viwili, au vitatu ikiwa ana nafasi, na asizidishe. Lakini asiingie katika /boot akaanza kufuta mafaili kwa mkono wake, kwani mashine itaendelea kuamini kwamba vimo, na bawabu ataendelea kuvitangaza. Na hata kwa amri iliyo sahihi, asikiondoe kiini anachokitumia saa hiyo. Mashine yenyewe itamwonya akijaribu, tafadhali asiibishie.

Liko jambo jingine linalowachanganya watu. Kiini kipya huweza kuwaka vizuri kabisa, picha ikaja, sauti ikaja, lakini WiFi isiwepo. Sababu aghalabu ni kwamba kile kidude cha WiFi mlichonunua sokoni kinaendeshwa na moduli isiyoandikwa pamoja na kiini, bali iliyoletwa kando na fundi. Moduli ya namna hiyo hutengenezwa kwa kipimo cha kiini kimoja, na kiini kinachofuata hakiijui. Ipo programu iitwayo DKMS ambayo kazi yake ni kuishona upya moduli hiyo kwa kila kiini kinachoingia. Muulizeni fundi wenu kama aliitumia. Ikiwa hakuitumia, rudini katika kiini cha zamani mpate intaneti, na kwa intaneti hiyo mtafute dawa. Nimeona jamaa akinunua kidude cha pili na cha tatu ilhali cha kwanza kilikuwa kizima.

Kutokana na haya msije mkafahamu kwamba nawashauri mbakie na kiini cha zamani maisha. Kiini cha akiba ni cha siku ya dharura, si cha makazi. Mwezi Oktoba 2016 ilitangazwa na kurekebishwa kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, iliyokuwa imejificha katika kiini cha Linux tangu mwaka 2007, na iliyomwezesha mtumiaji wa kawaida kujitwalia mamlaka ya msimamizi mkuu wa mashine. Miaka tisa ilikaa, na walioiziba ni wale waliokubali kiini kipya. Sisi tulipokimbilia kiini cha zamani Ijumaa ile, tulikitumia mpaka Jumapili tu. Jumapili tulisafisha, tukakitengenezea kipya mfuko wake, na kikaendesha mashine barabara.

Neno moja kwa wale walioiweka Linux kando ya Windows katika mashine moja, kwa kuwa watoto wanaihitaji Windows kwa kazi za shule. Humo viini vina wazazi mbalimbali, na vinagombania saa. Windows huiandika saa ya mashine kwa wakati wa mahali ulipo, na Linux huisoma kana kwamba ni wakati wa Greenwich, ikaongeza tofauti juu yake. Hapa Uingereza wakati wa kiangazi utaikuta saa imekwenda mbele saa 1. Jamaa zetu wa Maskati wataikuta imekwenda mbele saa 4. Penye intaneti hujirekebisha yenyewe baada ya kitambo, lakini pasipo intaneti programu ya adhana itaadhini Magharibi na jua lingali juu. Dawa ni kuandika katika Linux, mara moja tu:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Mashine itakunung'unikia kwamba si desturi nzuri. Kwa nyumba yenye mifumo miwili ni desturi inayofaa.

Na viini viwili, au hata kumi, havitakusaidia kitu siku diski yenyewe itakapokufa. Daftari la maziko sasa huchapwa kila tarehe 1 ya mwezi, nakala moja iko kwa Bi Mweka Hazina na ya pili iko kwa imamu, na nakala ya flashi haikai tena katika chumba kimoja na mashine.

Wenye mashine zilizokwama na wazilete madrasa Jumamosi baada ya sala ya Adhuhuri, pamoja na chaja zake. Kijana wangu atakuwepo, na siku hizi husoma orodha kabla ya kubonyeza Enter. Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya kuzihamisha kaseti za zamani ziingie katika kompyuta kabla utepe haujaliwa na ukungu.

Wassalaam alaykum.